Namdanganya mshauri ninayemlipa mwenyewe

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Nina miaka 36, ni mhasibu, naishi Morogoro. Tangu Machi nakwenda kwa mshauri nasaha kila Jumatano kwa sababu ya kukosa usingizi na mawazo mengi baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nalipa mwenyewe, 50,000 kila kikao, na tumefika kikao cha 11. Tatizo ni kwamba karibu kila ninachomwambia si kweli. Daftari la usingizi alilonipa nalijaza ndani ya daladala nikielekea kwake. Nimemwambia napata masaa saba ya usingizi, kumbe ni manne, manne na nusu. Sijamwambia kwamba kila usiku nakunywa toti mbili tatu za pombe kali ili nilale, na siku zikizidi nachanganya na kidonge nilichopewa hospitali. Ananisifu sana jinsi ninavyojitahidi. Natoka pale nikijichukia. Kwa nini namdanganya mtu ninayemlipa kwa jasho langu? Nikimwambia atajisikiaje? Au nimwache kimya kimya nianze upya kwa mwingine?

JIBU: Salama, dada. Maswali yako nitayafikia, lakini nianze na kidonge, maana hicho hakisubiri Jumatano.

Dawa nyingi za usingizi, diazepamu (wengi wanaiita valiamu) na ndugu zake, hufanya kazi ileile inayofanywa na pombe: hupunguza kasi ya ubongo, pamoja na sehemu inayosukuma pumzi. Zikikutana, madhara yake huzidishana. Mtu analala fofofo, pumzi inafifia, au anatapika akiwa hana nguvu ya kugeuka. Kwa hiyo kuanzia leo, usiku uliokunywa usimeze kidonge. Wala usiamke kesho ukaacha vyote kwa mpigo. Kama umekunywa kila siku kwa miezi, na asubuhi mikono inatetemeka, jasho linakutoka na moyo unakwenda mbio mpaka unywe kidogo, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Hali kadhalika kidonge kilichomezwa karibu kila siku kwa wiki nyingi: hupunguzwa taratibu, chini ya daktari.

Na toti ya nyumbani haina kipimo. Leo usiku, kabla ya kumimina, weka alama ya kalamu kwenye karatasi ya chupa. Kesho asubuhi tazama imeshuka kiasi gani. Kiasi hicho ndicho cha kumpelekea daktari aliyekuandikia kidonge, na umpelekee wiki hii.

Jambo la pili la haraka. Umeandika "mawazo mengi". Neno hilo kwetu hubeba mizigo ya kila aina, kuanzia ada ya shule mpaka kutamani kufa, na anayelisikia huchagua mwenyewe mzigo ulio mwepesi. Kama ndani ya mawazo hayo kuna la kujiua, usingoje kujipanga. Mwambie mshauri leo kwa simu, au nenda hospitali ya rufaa ukaone kitengo cha afya ya akili.

Sasa, kwa nini unamdanganya. Kwanza ujue kwamba unachokifanya ni cha kawaida mno. Mwaka 2016 Matt Blanchard na Barry Farber wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wateja 547 wa tiba ya mazungumzo. Asilimia 93 walikiri kuwahi kumdanganya mtaalamu wao. Ni watu wa Marekani waliojaza fomu kwenye intaneti, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama sensa ya dunia. Kinachonivutia mimi ni aina ya uongo wenyewe. Uliotajwa kuliko wote, na asilimia 54, ulikuwa ni kupunguza makali ya hali yao: kusema "si mbaya sana" wakati ni mbaya sana. Mapenzi ya nje na mambo ya aibu ya zamani hayakuwa kileleni. Asilimia 29 walijifanya wamependa ushauri waliopewa wakati hawakuupenda. Uongo wa kwenye kikao, basi, kwa kawaida ni mpole. Ni wa mtu anayemfunika mwenzake asipate baridi.

Tazama dakika ya kwanza ya kikao chako. Unabisha hodi, unakaribishwa, mshauri anauliza: "Habari za tangu Jumatano?" Unajibu: "Nzuri." Hapo hukudanganya, umesalimia. Salamu zetu zina jibu lake; hata msibani mtu hujibu "nzuri" kwanza, ndipo aeleze kilichotokea. Unakaa. "Na usingizi je?" Kusema "mbaya" sekunde kumi baada ya "nzuri" ni kama kujikana mwenyewe, kwa hiyo linatoka neno la katikati: "Afadhali." Nalo si uongo mzima. "Daftari umekuja nalo?" Umekuja nalo. Hujakaa dakika mbili na tayari umepanda ngazi tatu, kila moja fupi, na chini pameshakuwa mbali. Ndivyo uongo mwingi wa kikao unavyozaliwa. Hakuna aliyeupanga usiku uliotangulia.

Mshauri anayeijua lugha yake huimaliza salamu mlangoni, anaacha mtu akae na anywe maji, halafu anauliza kitu kisichojibika kwa "nzuri": "Jana usiku ulishtuka mara ngapi?" Asipofanya hivyo, "kawaida tu", "nasukuma siku" na "namshukuru Mungu" humeza robo saa nzima bila mtu yeyote kukosa adabu.

Kisha kuna sifa, na kwa jinsi ulivyoandika, nadhani kwako ndipo penye fundo. Pengine ilikuwa kikao cha tatu au cha nne, ukaja na daftari limejaa, akasema hongera, wewe ni wa mfano. Tangu ndoa ivunjike ni wangapi wamekuambia hongera? Sifa ile ilikaa mahali palipokuwa na njaa. Kuanzia hapo kila Jumatano unakwenda kuilinda, na kinachoilinda ni daftari la daladala. Kosa hapa si lako peke yako. Mshauri anayesifu matokeo ("umelala masaa saba, safi sana!") bila kujua anamfundisha mteja kuleta matokeo. Angesifu kujaza daftari lenye usiku mbovu, angeletewa usiku mbovu.

Adabu ni sababu nyingine, na wataalamu waliofundishwa kwa vitabu vya ugenini huisahau. Kama mshauri wako ni mtu mzima unayemwamkia shikamoo, kumwambia "zoezi ulilonipa sikulielewa" linasikika mdomoni kama kumsahihisha mzazi. Mtu anasema "sawa", anaondoka na karatasi, anarudi nayo imejazwa. "Sawa" ya heshima na "sawa" ya kukubali zina sauti moja.

Haya, yaani aibu, nayo iko wazi: mwanamke, mama pengine, chupa kabatini. Ikiwa mshauri ni mzee wa kanisa au unamwona msikitini Ijumaa, haya inakuwa na macho mawili zaidi. Na mji wenyewe una watu wanaojuana. Anayeogopa kwamba mshauri ni binamu wa bosi wake hana wazimu. Anapaswa kuuliza swali hilo kikao cha kwanza, na mshauri anapaswa kulijibu bila kununa.

Pesa nayo ina hila yake. Unashangaa unavyoweza kumdanganya mtu unayemlipa, lakini malipo hayamfanyi mtu awe mkweli zaidi. Vikao 11 kwa 50,000 ni shilingi 550,000. Kukiri kwamba hujapata nafuu ni kukiri kwamba laki tano na nusu zimekwenda na maji. Kila kikao kinachoongezeka kinaipandisha bei ya ukweli.

Halafu kuna woga wa kitakachofuata, na huo mara nyingine una msingi. Katika uchunguzi uleule, asilimia 31 walisema wamewahi kudanganya kuhusu mawazo ya kujiua, na sababu inayojirudia kwa watu wa namna hiyo ni hofu ya kulazwa kwa nguvu. Kwetu inaongezeka hofu ya polisi. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinaliita kosa jaribio. Mawazo hayamo. Mtu anayemwambia mshauri "nimewahi kutamani nisiamke" hajatenda jinai yoyote, na kazi ya mshauri hapo ni kukaa naye na kupanga usalama. Siri ya kikao ina mipaka michache unayoweza kuambiwa kabla hujafungua kinywa: hatari ya karibu kwa uhai wako au wa mwingine, mtoto anayedhuriwa (Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi atoe taarifa), na amri ya mahakama. Toti zako hazimo kwenye mipaka hiyo. Ndoa yako haimo. Muulize mshauri mipaka yake kwa maneno hayahaya, na kama hawezi kuitaja, hiyo ni habari kubwa kuliko ya daftari.

Niongeze kwamba si kila usichosema ni uongo. Una haki ya kunyamaza. "Hilo sijawa tayari kulizungumza" ni sentensi ya kweli, na mshauri anaweza kufanya kazi vizuri akijua kuna chumba ambacho hajafunguliwa. Kinachoharibu kazi ni kumwonyesha ukuta mahali penye mlango.

Umeandika kwamba unatoka pale ukijichukia. Wateja wengi hueleza mambo mawili yanayokuja kwa kufuatana. La kwanza ni nafuu ya papo hapo: swali limepita, uso wa mshauri bado unacheka. Inadumu mpaka mlangoni. La pili hukaa wiki nzima, na wengi hulichanganya na dhambi, ilhali mimi naona ni upweke zaidi. Anayesifiwa kila Jumatano ni mwanamke mwingine, anayelala masaa saba. Wewe umeketi pembeni yake, unamlipia nauli. Ndiyo maana sifa inauma badala ya kufariji. Juu yake kuna uchovu wa kutunza hesabu: nilimwambia nini wiki ile, nilisema niliacha kahawa au nilipunguza? Mhasibu unajua vitabu viwili vya hesabu vinavyochosha kuliko kimoja. Dalili za nje huwa ni kuchelewa, kughairi dakika za mwisho, kuongea sana habari za watu wengine, na kuanza kumdharau mshauri kidogo kidogo ("hata haoni"). Hiyo dharau iangalie. Mara nyingi ndiyo inayomwondoa mteja, naye anaondoka akiamini kwamba tiba haifanyi kazi.

Ni kweli pengine haoni. Watu wanapopimwa uwezo wa kutambua uongo kwa kusikiliza na kutazama tu, hupata takriban asilimia 54, yaani kidogo tu kupita kurusha shilingi, na wataalamu hawako mbali na hapo. Uso haumsaidii. Daftari linaweza kumsaidia, kama analisoma. Daftari la kweli ni chafu: kalamu mbili tatu, "saa tisa kasoro kumi", mstari uliokatwa, usiku mmoja haujajazwa, doa la chai. Daftari la daladala lina wino mmoja, mwandiko unaotikisika mahali pamoja, na kila kitu kimetokea saa kamili.

Wenzetu wa kliniki za VVU walijifunza hili mapema. Ushauri nasaha kwa watu wengi Tanzania uliingia kupitia upimaji wa hiari wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo kama ANGAZA, na baadaye kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba ya VVU. Kule vidonge huhesabiwa. Mteja aliyekosa dozi tisa akijua kwamba atagombezwa, alivimwaga tisa chooni asubuhi ya kliniki, na hesabu ikatoka sawasawa. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kilichomuumbua, miezi baadaye, wakati mwingine baada ya virusi kuanza kuzoea dawa. Kuongeza ukali kulizaa vyoo vilivyojaa vidonge. Kilichofaa zaidi ni kubadili swali. "Umemeza dawa zote?" lina jibu moja lenye heshima. "Watu wengi hupitiwa na dozi, wewe katika siku saba zilizopita umepitiwa na ngapi?" linamruhusu mtu aseme mbili. Nakueleza haya kwa sababu unaweza kumwomba mshauri wako akuulize hivyo. Hakuna sheria inayosema mbinu ni za upande mmoja wa meza.

Nikupigie sasa hesabu ya hasara, kwa kuwa ni fani yako. Tiba ya kukosa usingizi anayokufanyia, kama inafuata utaratibu unaojulikana, inategemea namba moja: masaa uliyolala ukigawa kwa masaa uliyokuwa kitandani. Tuseme daftari lako linasema unapanda kitandani saa nne usiku, unaondoka saa kumi na mbili asubuhi, yaani masaa 8, na umelala 7. Hiyo ni asilimia 87 na nusu. Ikifika 85 na kuendelea, kanuni inasema mwongezee mteja dakika 15 kitandani. Ukweli ni 4 na nusu kwa 8, asilimia 56. Kwa namba hiyo kanuni inasema kinyume: bana muda wa kitandani ukaribiane na usingizi halisi, bila kushuka chini ya masaa 5 au 5 na nusu. Ungeambiwa usiguse kitanda kabla ya saa sita na nusu usiku, na uamke saa kumi na mbili, kila siku, Jumapili pia. Wiki mbili za kusinzia na kukasirika, halafu usingizi unashikana. (Hilo halifanywi kwa dereva wa masafa, mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, bila daktari.) Wewe umekuwa ukiongezewa dakika 15 za kukodolea macho dari. Dawa imegeuzwa kichwa chini miguu juu, na mshauri anashangaa kwa nini uso wako umechoka wakati namba zinapendeza.

Pombe iliyofichwa inaharibu hesabu kwa upande mwingine. Inakulaza haraka, halafu mwili ukishaimaliza, kuanzia saa nane au tisa usiku, usingizi unakatika na moyo unadunda. Mshauri asiyejua atakutafutia sababu ya kushtuka saa tisa kwenye talaka yako. Mtaongea talaka miezi sita, na chupa iko kabatini.

Kama amekupa pia ile fomu ya maswali tisa ya sonona, ambayo kila swali hujibiwa kuanzia 0 mpaka 3, angalia ulivyoijaza. Jumla ikishuka kwa pointi 5 au zaidi huhesabiwa kuwa nafuu ya kweli. Mtu anayejaza kwa adabu hushuka kutoka 16 hadi 8 kwa mwezi, anapunguziwa vikao, na hakuna kilichobadilika nyumbani kwake.

Kuhusu atakavyojisikia: sitakuambia kwamba hatahisi kitu. Wengi wetu kinachotangulia ni kujitilia shaka, "nimekosaje kuona wiki zote hizo?" Nyuma yake inaweza kufuata hasira kidogo, hasa kama alikuwa akijivunia maendeleo yako mbele ya msimamizi wake. Mshauri aliyefundishwa anajua hisia hizo ni zake, na anazipeleka kwa msimamizi huyohuyo. Hazipaswi kufika kwako kama bili. Nyingine utakayoiona usoni mwake, ukitazama vizuri, ni unafuu: kitu ambacho hakikuwa kinajumlishika kimejumlishika.

Namna ya kumwambia. Mtumie ujumbe kabla, Jumanne jioni, ili Jumatano usiweze kurudi nyuma. Maneno machache yanatosha: "Shikamoo. Kesho nina jambo la kusahihisha kuhusu daftari na usingizi wangu. Naomba tuanze nalo." Ujumbe huo unaua ule mtego wa salamu, kwa sababu hawezi tena kukuuliza habari akategemea "nzuri". Ndani ya kikao liseme katika dakika kumi za mwanzo. Watu wengi husubiri wakiwa wamesimama, mkono kwenye kitasa, wanasema "halafu nilisahau kukuambia, nakunywa kidogo," wanatoka. Hilo humwachia mshauri wiki nzima ya wasiwasi, na wewe wiki nzima ya kujutia.

Sema kilichotokea kwa namba, kabla ya kusema unavyojisikia. "Daftari nimekuwa nikijaza ndani ya gari nikija. Nalala masaa manne, manne na nusu. Nakunywa kila usiku, na kiasi nilichopima ni hiki. Mara kadhaa nimechanganya na kidonge." Kama unaogopa sauti itakatika, iandike, mpe asome. Kuwa mwangalifu na mambo mawili. Ukiomba radhi kwa dakika ishirini, kikao kitageuka kuwa cha yeye kukubembeleza, na pombe haitajadiliwa. Radhi moja yatosha. Na usikiri nusu: watu hutoa daftari wanabakiza chupa, wanapata ile nafuu ya kutubu, halafu chupa inakuwa nzito maradufu kwa sababu sasa mshauri anaamini amesikia yote. Kati ya hayo mawili, kama lazima uchague, toa chupa ubakize daftari.

Halafu mwambie lililo gumu kuliko pombe: kwamba sifa zake ndizo zilizokufunga mdomo. Hilo si kumlaumu. Ni habari ambayo hana njia nyingine ya kuipata, na pengine itamsaidia kuona kwa nini huenda unawadanganya pia watu wa nyumbani kwamba uko salama salimini.

Anavyopaswa kupokea: akuulize ilikuwaje vigumu kusema, aulize kiasi cha pombe na kidonge bila kuruka, afute namba za zamani muanze daftari jipya. Akikuhubiria, akikuaibisha, akitishia kuwaambia ndugu zako, au akikuambia "basi na mimi siwezi kukusaidia tena" palepale, una sababu halali ya kuondoka, na uondoke. Hiyo ndiyo aina ya kuondoka ninayokubaliana nayo. Kumwacha kimya kimya ili uanze upya kwa mwingine sikushauri, kwa sababu moja ya kiufundi: mshauri mpya naye atauliza "habari za tangu wiki iliyopita", naye atasifu. Utakuwa umelipa vikao 11 ili ujifunze kujaza daftari kwa haraka zaidi.

Ndani ya wiki tatu nne utadanganya tena. Kidogo. Utasema toti moja, kumbe zilikuwa mbili. Kubalianeni mapema neno la kurudi nalo, kwa mfano "narudisha gari nyuma", ambalo ukilisema, hata katikati ya mazungumzo mengine, yeye anasubiri usahihishe bila kuuliza kwa nini. Na daftari lihame kutoka kwenye daladala: jaza ukiwa bado umekaa kitandani, piga picha, mtumie kabla ya saa tatu asubuhi kila siku. Makisio yanatosha, usitazame saa usiku kucha ili kupata dakika kamili. Asubuhi uliyosahau, acha nafasi wazi usijaze baadaye. Nafasi mbili wazi kwa wiki hazisumbui. Hesabu inapigwa kwa siku tano.